TEGU WA NGURUWE NA JESHI LA MWILI

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, na kwetu ni Mbozi. Katika somo hili nataka kueleza jinsi mwili unavyopigana na minyoo, hasa tegu wa nguruwe, ambaye amezoeleka mno katika nchi yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Lakini kwanza sina budi kueleza kwa nini nimechagua habari hii na kuacha nyingine.

Nilipokuwa darasa la tano nilikaa dawati moja na msichana ambaye sitamtaja jina. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, na mara nyingi alinisaidia. Asubuhi moja, kabla ya kengele ya mapumziko, alianguka chini ghafla, viungo vikamkakamaa, akatetemeka, na povu likamtoka kinywani. Mtu mmoja akapiga kelele, "Msimguse! Povu linaambukiza!" Mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wote nilitoka mbio nje. Kesho yake nikaomba kuhamishwa dawati. Alipoanguka mara ya tatu nyumbani walimtengea sahani na kikombe chake, na kabla ya mwaka kwisha akaacha shule. Watu walisema amerogwa.

Likizo ya Desemba iliyopita niliporudi nyumbani nikasikia habari mpya. Alikuwa amepelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa, na daktari akasema kwamba ndani ya ubongo wake mna vifuko vya watoto wa tegu wa nguruwe, navyo vimekaa humo muda mrefu. Kijijini wengi hawakusadiki, maana kwao hawali nguruwe kwa sababu ya imani yao. Nilikwenda kumsalimu mjomba wangu, naye hufuga nguruwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Karibu. Hebu ninyi wa shule mtueleze. Mimi nafuga nguruwe tangu hujazaliwa, na nyama yake nakula, wala sijaanguka hata siku moja. Yule mtoto hajaonja hata mchuzi wake. Sasa tegu ameingiaje kichwani mwake?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi shuleni Iringa na maswali mawili. La kwanza ni hilo la mjomba. La pili ni langu mwenyewe: ikiwa vifuko vilikaa kichwani muda mrefu, mbona siku zote zile alikuwa mzima akinifundisha hesabu, kisha akaanguka siku moja tu bila onyo? Mwalimu wetu wa Biolojia alinisaidia kuyajibu, nami nitajaribu kuwaeleza kama nilivyoelewa.

TEGU ANA NYUMBA MBILI

Tegu wa nguruwe ana nyumba mbili, moja ni binadamu na ya pili ni nguruwe. Tegu aliyekomaa hukaa katika utumbo mwembamba wa binadamu peke yake. Ni mwembamba kama utepe, na urefu wake ni mita 2 hadi 7. Kichwa chake ni kidogo mno, kina vinyonyeo vinne na ndoana nyingi za kujishikiza. Hana mdomo wala tumbo. Chakula hukinyonya kwa ngozi yake yote. Mwili wake ni pingili zilizofuatana, nazo zaweza kufika 1,000. Pingili za mwisho zikikomaa hukatika na kutoka pamoja na choo kikubwa, na kila moja yaweza kuwa na mayai hadi 50,000.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai hupasuka tumboni mwake. Ndani ya kila yai hutoka kiluwiluwi chenye ndoana sita, kidogo hata hakionekani kwa macho. Hutoboa utumbo, huingia katika damu, hufika kwenye misuli, na kwa muda wa miezi miwili au mitatu hugeuka kuwa kifuko cheupe chenye maji, kama punje ya mchele uliovimba. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, kifuko hufunguka tumboni na kuwa tegu mzima. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1855 na daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, aliyempa mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye vifuko, kisha akakuta tegu wachanga katika utumbo wake baada ya hukumu ya kifo kutekelezwa. Leo hakuna awezaye kuruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo.

Angalieni vizuri hapa. Anayekula nyama yenye vifuko hupata tegu wa tumboni. Lakini anayemeza mayai, yeye huwa katika nafasi ya nguruwe: viluwiluwi hutoboa utumbo wake na kwenda kufanya vifuko katika misuli, macho, au ubongo. Na mayai hayatoki katika nyama. Hutoka kwa mtu mwenye tegu, ambaye hakunawa mikono baada ya kwenda haja, kisha akamenya embe, akasonga ugali, au akachota maji ya kunywa. Hupatikana pia katika mboga mbichi za bustani iliyochafuliwa.

Basi swali la mjomba limejibika. Msichana yule hakuhitaji kula nguruwe. Ilitosha jirani mmoja awe na tegu, naye asijue.

JESHI LA MWILI

Sasa tufike kwenye kinga. Mwili haukai bila ulinzi. Mlinzi wa kwanza ni ukuta: ngozi, asidi ya tumbo, na ute unaoteleza katika utumbo. Wa pili ni chembe nyeupe za damu, ambazo nyingine hummeza adui mzimamzima. Wa tatu ni chembe zinazojifunza. Hizi humkumbuka adui aliyewahi kuja, na baadhi yake hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui yule na kumtia alama ili wengine wamwone.

Kwa bakteria utaratibu huu hufaa sana, maana bakteria ni mdogo na chembe moja yaweza kummeza. Lakini mnyoo ni mkubwa mno. Hakuna chembe iwezayo kummeza mchango wenye urefu wa sentimeta 25, sembuse tegu wa mita 5. Kwa hiyo mwili una namna nyingine ya vita kwa ajili ya minyoo.

Seli za utumbo zikimhisi mnyoo hupeleka ujumbe wa kikemikali. Ujumbe huo huzifikia chembe za kinga, nazo hutoa protini ziitwazo interlukini, ambazo ni kama amri za jeshi. Amri zikitoka, mambo kadhaa hutendeka. Utumbo hutoa ute mwingi zaidi, ili mnyoo akose pa kushika. Misuli ya utumbo husukuma kwa kasi zaidi. Seli za ukuta wa utumbo hubadilishwa upesi kuliko kawaida. Katika damu huongezeka chembe ziitwazo eosinofili, ambazo Paul Ehrlich wa Ujerumani alizieleza mwaka 1879. Hizi hujibandika juu ya kiluwiluwi na kummwagia sumu yao. Pia mwili hutengeneza kingamwili ya aina ya pekee, imunoglobulini E, iliyogunduliwa na watafiti wa Marekani na wa Sweden miaka ya 1966 na 1967. Hiyo hukaa juu ya chembe nyingine zilizopangwa chini ya ngozi ya utumbo, na ikimgusa mnyoo chembe hizo hulipuka na kumwaga kemikali zao. Kwa ufupi, mwili ukishindwa kumla mnyoo hujaribu kumtelezesha, kumtia sumu na kumfagia nje.

Mtu aweza kuuliza, kama jeshi lina silaha zote hizi, mbona watu wanaishi na minyoo miaka mingi? Sababu ni kwamba minyoo nayo imekaa na binadamu kwa muda mrefu sana, ikajifunza. Mnyoo hutoa kemikali zinazolituliza jeshi. Zaidi ya hayo, mwili una chembe zake wenyewe za kutuliza vita, zilizowekwa ili jeshi lisije likaharibu nyumba yake, na minyoo huzichochea chembe hizo. Hivyo hufanyika namna ya suluhu. Mnyoo hukaa, na mwenye nyumba huumwa kidogo tu au hasikii kitu. Mwenye tegu wa tumboni mara nyingi haoni dalili yoyote, isipokuwa kuona pingili katika choo.

HESABU ZA MBOZI

Habari hii si ya vitabu vya nchi za mbali tu. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa nguruwe wa Nyanda za Juu Kusini, na katika wilaya zilizochunguzwa zilikuwamo Chunya na Iringa Vijijini. Nguruwe wenye vifuko walionekana.

Mwaka 2013 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wa wilaya yetu ya Mbozi, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya, na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Walipimwa watu 830 wa vijiji 13. Kipimo kimoja kilitafuta katika damu alama za vifuko vilivyo hai. Kipimo cha pili kilitafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya jeshi kwamba adui amewahi kufika. Matokeo yalikuwa hivi: wenye alama za vifuko hai walikuwa asilimia 16.7, na wenye kingamwili walikuwa asilimia 45.3.

Mwalimu alituuliza darasani kwa nini hesabu hizi mbili hazilingani. Jibu ni somo zuri la kinga. Kuwa na kingamwili maana yake ni kwamba mwili umekutana na adui. Sio lazima adui awe ameshinda. Wengi wamemeza mayai, jeshi likaamka, na viluwiluwi vikafa kabla ya kujenga kifuko, au vifuko vilijengwa kisha vikafa. Kwa hiyo tofauti kati ya 45 na 17 inatuonyesha kwamba mwili si mnyonge. Lakini hao 17 katika kila 100 ndio ambao adui amekaa kwao.

SWETA YA KUAZIMA

Tumefika kwenye swali langu la pili. Kiluwiluwi kikitoka tu katika yai ni dhaifu. Wakati huo kingamwili zikiwapo tayari humnasa, na protini nyingine za damu humtoboa akafa. Lakini mwili usiowahi kumwona huchukua siku nyingi kutengeneza kingamwili za kutosha, na katika siku hizo kiluwiluwi hukimbilia mahali pake, hubadilisha umbo, na kuwa kifuko.

Kikisha kuwa kifuko mambo hugeuka. Kifuko hutoa kemikali za kuziba nguvu ya zile protini za damu, na za kuzituliza chembe zilizo karibu. Tena hujivika kingamwili zetu wenyewe juu ya ngozi yake. Mwalimu alitupa mfano huu. Sisi wa bweni twajua jinsi mlinzi wa lango anavyotutambua usiku wa baridi: hutazama sweta ya shule. Mwizi akipata sweta ya shule na kuivaa, atapita mbele ya mlinzi na mlinzi atamwambia, "Usiku mwema." Kifuko katika ubongo hufanya vivyo hivyo. Jeshi hupita karibu, huona sweta, na kwenda zake.

Basi kifuko chaweza kukaa kimya ndani ya ubongo miaka mingi, na mwenyewe akaenda shule, akalima, akacheza mpira. Lakini kifuko nacho huzeeka. Kikianza kufa hakiwezi tena kutoa kemikali zake, na sweta huchanika. Maji yake huvuja. Hapo jeshi humwona mgeni aliyekuwa amejificha siku zote, nalo humrukia kwa nguvu zote. Chembe hujaa mahali pale, pakavimba. Ingekuwa katika msuli wa paja tungepata uvimbe mdogo na kusahau. Lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu, na kazi yake yote hupita kwa umeme mdogo kutoka seli hadi seli. Penye uvimbe umeme huo huvurugika, ukatoka kwa wingi na bila mpango, na mtu huanguka kifafa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana zamani kwa askari wa Uingereza waliokuwa wametumwa India. Wengi walianza kuanguka baada ya kurudi kwao, ambako tegu huyu ni nadra. Mwaka 1961 madaktari wawili, Dixon na Lipscomb, walichapisha habari za wagonjwa 450. Waliona kwamba kati ya wakati askari alipoambukizwa na siku alipoanguka mara ya kwanza ilipita kwa wastani karibu miaka mitano, na kwa wengine mingi zaidi.

Kwa hiyo siku ile darasani haikuwa siku tegu alipoingia kichwani mwa mwenzangu. Huenda aliingia kabla hajaanza shule. Siku ile ilikuwa siku ambayo suluhu ilivunjika. Kilichomwangusha si mnyoo peke yake. Ni vita ya mwili wake mwenyewe dhidi ya mnyoo anayekufa. Baada ya vita kifuko hukauka kikawa kama kipande cha chokaa, nacho huonekana katika picha ya kichwa. Kovu hilo nalo laweza kuendelea kuleta kifafa, ndiyo maana wengine hutumia dawa ya kifafa kila siku kwa muda mrefu.

DAWA NA HATARI YAKE

Ukielewa hayo utaelewa pia kwa nini madaktari hawakimbilii kumpa mgonjwa kama huyu dawa ya minyoo peke yake. Albendazoli na prazikwanteli huua vifuko. Lakini vifuko vikifa vyote pamoja, jeshi nalo huamka pamoja, na uvimbe waweza kuwa mkubwa. Kwa hiyo hospitalini hutazama kwanza picha ya kichwa, na wakiamua kuua vifuko hutoa pia dawa ya kutuliza uvimbe na dawa ya kuzuia kifafa.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi. Shuleni hupita siku za kumeza dawa za minyoo na kichocho. Dawa hizo ni njema, na zimewaokoa wengi. Kuanzia mwaka 2012 watafiti walifuatilia vijiji vya Mbozi na Mbeya ambako wanafunzi walipewa prazikwanteli, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba tegu walipungua, ingawa hawakwisha. Tusizikimbie. Lakini mwanafunzi ambaye amewahi kuanguka kifafa, au anaumwa na kichwa kikali kisichokwisha, na amwambie muuguzi kabla ya kumeza. Asione haya. Na sisi wengine tusimfanye aone haya.

CHANJO YA NGURUWE

Wataalamu wameutumia udhaifu wa kiluwiluwi kutengeneza chanjo. Walichagua protini moja iliyo juu ya kiluwiluwi katika saa zake za kwanza, kabla hajavaa sweta, wakaifanya chanjo iitwayo TSOL18. Kazi hiyo iliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Nguruwe akichanjwa, jeshi lake huwa na kingamwili tayari kabla mayai hayajafika. Jaribio la vijijini nchini Kamerun, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba nguruwe waliochanjwa na kupewa dawa ya minyoo hawakuwa na kifuko hata kimoja kilicho hai. Hapa Tanzania nako chanjo hiyo pamoja na dawa ya oksifendazoli ilijaribiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Ni chanjo ya nguruwe, si ya watu. Lakini nguruwe akiwa safi, mtu hapati tegu, na pasipo tegu hapana mayai.

YATUPASAYO

Niliporudi nyumbani likizo ya Juni nilimweleza mjomba haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe siku zote twamlaumu nguruwe, na sisi ndio tunaomtia ugonjwa." Hilo ndilo neno kubwa la somo hili. Nguruwe hupata vifuko kwa kumeza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Basi yatupasa haya:

1. Kila nyumba iwe na choo chenye mlango, na kila mtu akitumie, hata akiwa shambani.

2. Nguruwe wafungiwe bandani mwaka mzima. Kwetu wengi huwafungulia baada ya mavuno, na huo ndio wakati wa hatari.

3. Nyama ipelekwe kwa mkaguzi. Akiona vifuko chini ya ulimi au katika nyama, isiuzwe kwa siri. Anayeiuza kwa bei ya chini gizani anauza kifafa.

4. Nyama ya nguruwe ipikwe au ichomwe mpaka iive ndani, isibaki na wekundu. Anayeipenda ya kuchoma mjini asione aibu kumwambia mchomaji airudishe motoni.

5. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Hili ni la wote, wanaokula nguruwe na wasiokula. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji safi.

6. Anayeona pingili nyeupe katika choo chake aende zahanati upesi. Dawa yake ipo, na kwa kujitibu atawaokoa jirani zake.

Na mwenzetu akianguka, tusikimbie. Mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni kola, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu. Msimtie kijiko kinywani wala msimshike kwa nguvu. Akiendelea zaidi ya dakika 5, apelekwe hospitali. Povu ni mate tu, haliambukizi kitu. Tena tukumbuke kwamba kifafa kina sababu nyingi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia yake. Waliobaki wana sababu nyingine, nao pia wanahitaji hospitali na heshima.

Mimi nilikimbia siku ile kwa kuwa sikujua. Likizo ya Juni nilikwenda kwao. Nilimkuta barazani anashona kwa cherehani ya mama yake. Anameza dawa kila siku, na hajaanguka tangu mvua za mwaka jana. Nilimwomba radhi kwa ajili ya lile dawati. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hesabu za sehemu bado zinanishinda. Nikamwambia ndiyo. Akasema nilete daftari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya mtu aliyekula kifuko cha tegu na mtu aliyemeza yai la tegu.

2. Kwa nini chembe nyeupe za damu haziwezi kummeza mnyoo, na mwili hutumia njia gani badala yake?

3. Mtu ana kingamwili za tegu lakini hana alama za kifuko hai. Taja mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea.

4. Kwa nini kifafa huweza kuanza miaka mingi baada ya kumeza mayai?

5. Je, chanjo ya TSOL18 ingefaa kama ingetengenezwa kwa ajili ya kushambulia kifuko kilichokwisha kukomaa? Toa sababu.